Minara Miwili ya Shangani, na Swali la Nani Aliyeichora

STELA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Deo, Jumapili iliyopita nilichelewa misa Zanzibar, ilhali minara ya kanisa nilikuwa nimeiona hata kabla boti haijafunga gati.

DEO: Pole sana, dada. Ulipotelea wapi?

STELA: Nilipoingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ghorofa ziliniziba macho. Nilipita mbele ya baraza ileile mara mbili, hadi mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua akaninyooshea kijiti chake cha kugeuzia, bado kinachuruzika mafuta, akasema: “Mwanangu, Minara Miwili si hiyo hapo nyuma ya ukuta uliouegemea?” Niliingia somo la pili likisomwa.

DEO: Ndiyo sababu wenyeji hulitaja kwa minara yake kuliko kwa jina la Mtakatifu Yosefu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863, na kanisa hili la mtaa wa Shangani likajengwa kati ya 1893 na 1898 katika mji uliokwisha kubanana. Chini limefichwa na nyumba, lakini juu hakuna kinachoshindana nalo.

STELA: Nami niliposikia jina la aliyelichora nilifurahi mno. Inasemwa ni Henri-Jacques Espérandieu, yule msanifu majengo Mfaransa aliyejenga kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima huko Marseille, Ufaransa.

DEO: Hapo ndipo ninaposita. Espérandieu alifariki mwaka 1874, na Shangani walianza kujenga miaka 19 baadaye.

STELA: Mchoro hauzikwi na mchoraji, kaka. Litazame kanisa kuu la Marseille, ambalo ni kanisa jingine: jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1852, msanifu wake Léon Vaudoyer akafariki 1872, Espérandieu akaishika kazi kwa miaka miwili tu naye akafariki, kisha msanifu wa tatu, Henri Révoil, akaikamilisha mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa Shangani ulipoanza. Mbona hapo hatusemi kwamba marehemu hana sehemu yake?

DEO: Kwa sababu Marseille kuta zilikuwa zimesimama, na kila aliyefuata alirithi kazi iliyo mbele ya macho yake. Shangani mwaka 1874 hapakuwa na hata shimo la msingi. Tukimkabidhi bingwa wa Ufaransa jengo lote, tunamsahau aliyepima kile kiwanja chembamba, na mafundi waliopandisha minara hiyo katika joto na chumvi ya bahari. Mimi ningesema limejengwa kwa kufuata mtindo wake, basi.

STELA: Lakini fikiria padre anayeondoka bandari ya Marseille kuja Bahari ya Hindi. Kitu cha mwisho anachokiona cha kwao ni Notre-Dame de la Garde, lile kanisa lililoko juu ya kilima. Mtu huyo akifika Zanzibar na kutaka kanisa linaloonekana tangu baharini, ataomba mchoro kwa nani kama si kwao?

DEO: Dada, hiyo ni hoja yangu. Kanisa lililokuja katika kumbukumbu ya msafiri halikuhitaji karatasi ya marehemu.

STELA: Na mimi nasema kumbukumbu haipimi matao. Karatasi ilikuwepo.

DEO: Sikubali.

STELA: Wala mimi. Wasikilizaji, tulikuwa tumeahidi vioo vya rangi, vigae, na zile picha za Agano la Kale kutani, ambazo zimefifia kiasi kwamba nilisimama dakika nzima nikitafuta uso wa mmoja wa watu walioko pale na sikuuona. Fundi wetu wa sauti anatuonyesha kwamba zimebaki dakika mbili.

DEO: Tuanze na picha hizo wiki ijayo, kwa sababu rangi haingoji.

STELA: Wiki ijayo, basi. Bado nasema ni mkono wa Espérandieu.

DEO: Nami bado nauliza ni nani aliyekipima kiwanja.