Mkosaji Apewe Filimbi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wa mtaa na maafisa wa vijana, hamjambo. Mathare, mtaa wetu huu wa mabanda hapa Nairobi, mnaijua, kwa hiyo sitawasimulia mabati wala bei ya maji ya mtungi. Nimekuja na sheria moja ya mpira, na wanaonifahamu wanajua nimeisema kila mahali nilipopewa kipaza sauti. Nitaisema tena, kwa sababu bado tunawafukuza watoto shuleni wanapokosea.

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, hiki tunachokiita MYSA, kilianza mwaka 1987. Katika ligi zake, nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na refa. Mchezaji mwingine akimfokea refa, anatoka nje. Mpaka hapo mtaniambia ni adhabu ya kawaida. Sasa sikilizeni sehemu ya pili: harudi kucheza mpaka awe amechezesha mechi 6 za watoto wadogo. Yeye mwenyewe, na filimbi mdomoni.

Hebu mfikirieni kijana huyo. Ana miaka 15, hasira ziko puani, na wiki iliyopita alimwita refa mwizi mbele ya uwanja mzima. Jumamosi inafika, anasimama katikati ya watoto wa miaka tisa. Mmoja analia amesukumwa. Mwingine anaapa kwa jina la mama yake kwamba mpira haukutoka. Kando ya uwanja kuna kaka ya mtu anapiga kelele. Na katika timu moja yumo mdogo wa rafiki yake, anamtazama kwa macho ya kumwomba penalti. Lazima aamue papo hapo, asimamie uamuzi wake, na kesho yake akutane na watoto wale wale kwenye foleni ya maji. Mechi ya kwanza ataichukia. Lakini hawezi kuchezesha mechi 6 za watoto asijifunze kwamba mtu anaweza kukosea bila kuwa mwizi. Hakuna hotuba ya nidhamu ninayoijua inayoweza kumfundisha hilo, na mimi hotuba hizo nimezitoa nyingi.

Tazameni pia watoto wale wamepata nini. Wamepata refa. Bila mkosaji huyo huenda mechi yao isingechezwa. Maana yake ni kwamba kijana aliyevuruga mchezo wa wakubwa ndiye anayewezesha mchezo wa wadogo, na mtaa mzima unamwona akifanya hivyo. Sisi shuleni tunafanya nini? Tunamtuma nyumbani akamlete mzazi. Mzazi yuko mjengoni anatafuta unga, hawezi kuacha kibarua. Kijana hafiki nyumbani, anaishia maskani, na pale hakosi wa kumpokea. Kuna watu wana kazi ya kumpa siku hiyo hiyo. Halafu msako unapita. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kimekuwa kikirekodi habari za vijana wa mtaa huu waliouawa kwa risasi za polisi. Mwalimu, unapoandika barua ya kumsimamisha mtoto wiki mbili, jiulize wiki hizo mbili atazipitisha wapi na pamoja na nani.

Najua mtakaloniambia: hiyo ni sheria ya uwanjani, darasani haifanyi kazi. Kwa nini isifanye? Kila shule ina darasa la pili lenye watoto wasiojua kusoma, na mwalimu mmoja aliyezidiwa. Mpeni huyo wa darasa la nane aliyepigana kitabu cha hadithi na watoto watano, awasomee kila siku mchana mpaka muda wa adhabu yake uishe. Mwalimu awe karibu, bila shaka. Sijasema aachiwe watoto peke yake. Hilo halihitaji mfadhili.

Kuna pingamizi jingine ambalo hunikera, nalo ni la taka. Katika MYSA, kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaani kunaipa timu pointi, na pointi hizo zinaingia kwenye jedwali la ligi pamoja na za ushindi. Timu inaweza kuwafunga wote uwanjani na bado ikakosa ubingwa kwa sababu haikushika reki. Mtu akisikia hivyo anasema tunawatumikisha watoto. Nimeona watoto wanaotumikishwa; nendeni dampo la Dandora mwaone mtoto anayeokota chuma chakavu ili ale jioni. Timu inayofagia mtaro unaopita mlangoni kwake Jumamosi asubuhi ni jambo jingine kabisa. Mtaro ule ukiziba, maji machafu yanaingia kwao mvua ikinyesha, na wao ndio wanaoharisha. Bob Munro, Mkanada aliyeanzisha chama hiki pamoja na vijana, aliweka makubaliano hayo tangu mwanzo: nyinyi mkifanya kitu, nasi tutafanya, msipofanya, hatufanyi. Mwaka 1992 chama kilitunukiwa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo, na waliokuwa wakizoa ni watoto.

“Na huo mpira utawalisha?” Wachache, ndiyo. Klabu ya Mathare United ilizaliwa ndani ya MYSA mwaka 1994, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi, ambaye mwenyewe ni zao la MYSA. Wengi hawatafika huko, na tusiwadanganye. Hao wengi wanahitaji karo. Katika MYSA, kufundisha timu ya wadogo, kuchezesha mechi na kufanya usafi vinahesabiwa, hata kadi ya kijani anayopewa mchezaji muungwana inahesabiwa, na mwenye pointi nyingi analipiwa karo, fedha zikienda moja kwa moja shuleni. Mtoto amejilipia kwa kazi inayoonekana. Hakuna aliyemwita maskini jukwaani apigwe picha na hundi.

Naonyeshwa saa. Wasichana: wameingia katika ligi tangu 1992, na kikwazo kikubwa ni kazi za nyumbani, basi pangeni mazoezi mapema na mkazungumze na mama zao kabla hamjawanunulia viatu. Maktaba na watoto walioko mahabusu nilitaka kuvigusa, sitaweza. Wafadhili: mlezi wa kijana, yaani mtu mzima anayemshauri katika mradi, hawezi kubadilishwa kila mradi wa miaka mitatu unapokwisha. Kijana akishamweleza mtu mmoja siri zake za nyumbani, hataanza upya na mgeni kwa sababu bajeti imefungwa. Mkiwa na fedha kidogo, chukueni vijana wachache, mkae nao mpaka wamalize shule.

La mwisho ni viwanja. Hakuna lolote kati ya haya linalofanyika bila uwanja, na viwanja vya Nairobi vinamegwa tukitazama: leo ukuta, kesho kibanda, keshokutwa ghorofa. Kifungu cha 55 cha Katiba kinaitaka serikali iwawezeshe vijana kupata elimu, mafunzo na nafasi ya kushiriki. Kabla ya vikao vya bajeti ya kaunti, kila wadi iandike orodha ya viwanja vyake vya umma, na mwakilishi wenu aulizwe hadharani hati ya kila kimoja iko kwa nani. Anayetaka kusaidia kuandika orodha ya Huruma na Mlango Kubwa tuonane hapa mbele. Mwenyekiti, kama kuna dakika za maswali, naomba walimu waanze.