Mhusika Hakui kwa Kusema Amekua

Sina salamu ndefu, maana neno hili mmeshalisikia kwangu, na bado kurasa za katuni mnazoniletea zina kiputo kilekile cha maneno: "Sasa mimi si yule wa zamani." Futeni! Kama ukurasa wa 40 unahitaji maneno hayo, basi zile 39 za nyuma hazikufanya kazi.

Tazameni *Maus*, hadithi ya katuni ya Art Spiegelman juu ya baba yake aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka. Wengi wanaishia hapo, wanafunga kitabu. Nendeni juzuu ya pili, pale mwandishi anapojichora akiwa mezani. Si panya tena: ni mtu aliyevaa kinyago cha panya, na chini ya meza kuna lundo la maiti. Waandishi wa habari na wafanyabiashara wanamzonga, naye anasinyaa kisanduku cha picha kwa kisanduku mpaka anabaki mtoto juu ya kiti cha mtu mzima. Anakwenda kwa tabibu wake wa akili, mtu aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Akitoka, kimo kinamrudia. Kisha anasikiliza kanda ya sauti ya baba yake, anasinyaa tena. Mnaona? Mhusika anapanda, anashuka. Ninyi mnawapandisha tu, kama bei ya makaa.

Najua mtasema hayo ni ya New York, msomaji wa hapa Goma, Kongo, anataka mbio na risasi. Haya, chukueni mfano wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ukurasa wa 3, kijana anaisukuma kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha macho ya msomaji, na magunia yanamficha uso. Ukurasa wa 20, chukudu imeegemezwa ukutani nyuma ya maongezi mengine kabisa. Ukurasa wa 44, anatoka kushoto kwenda kulia, uso wazi, mzigo uleule. Mzigo usiupunguze! Kilichobadilika ni yeye.

Ule wa 20 ndio mnaouruka kila mara. Alama kama hiyo chukudu ikionekana mwanzo na mwisho tu, msomaji ameshaisahau, anadhani ni pambo. Na kosa la pili: kubadilisha nguo, nywele na mwendo kwa pamoja. Msomaji anauliza, huyu mgeni ametoka wapi? Acheni vitu viwili vilevile, kofia na bega lililoinama, mbadilishe kimoja kingine tu. Kabla ya ukurasa wa kwanza, mchore mbele, ubavu na mgongo, kwa kila hatua ya maisha yake, mbandike karatasi hiyo ukutani.

Halafu Nyiragongo, volkano yetu. Lava ya 2002 na ya 2021 tunaijua sote, hakuna haja ya kutukumbusha kila ukurasa. Mlima unaofuka moshi katika visanduku vyote umekuwa ukuta tu. Uonyesheni mara tatu, na mara moja kati ya hizo moshi usiwepo. Hapo msomaji ataogopa.

Nilitaka kusema juu ya rangi, na juu ya nafasi kati ya visanduku, lakini wenye ukumbi wananionyesha saa. Moja tu, kwa sababu inaharibu kazi nyingi: mnachora kwenye karatasi ya A3, kitabu kinatoka kwa ukubwa wa A5. Hiyo ni nusu ya urefu na nusu ya upana. Mstari wa milimita 0.2 unakuwa 0.1, na mashine ya fotokopi inaumeza. Alama yenu ichoreni kwa 0.8, mpunguze ukurasa mmoja kwanza, ndipo mtie wino kurasa zingine.