Kabla ya Kuchagua Kihariri, Litazame Faili

Ndugu zangu, wanafunzi wa sayansi huniuliza mara kwa mara: nitumie kihariri (programu ya kuandikia maandishi na msimbo) kipi: Emacs, Vim au VS Code? Nami huwauliza kwanza: faili unaloandika leo, miaka ishirini ijayo utalifungua kwa programu gani?

Emacs na vi, babu yake Vim, zote ni za mwaka 1976. Tangu hapo programu ngapi za kuandikia zimekuja zikatoweka, na mafaili yake hayafunguki tena! Faili la maandishi matupu la miaka ile linasomeka hadi leo, kwani ndani yake hamna kitu ila herufi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba madokezo ya utafiti yakae kwenye maandishi matupu, kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Hapo Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, itakuonyesha mstari kwa mstari ulichobadilisha. Daftari la Jupyter, linaloweka maelezo, msimbo na matokeo pamoja, halikupi raha hiyo: faili lake ni JSON, muundo wa kupanga data, msimbo umechanganyika na matokeo na picha, na ukiliendesha upya bila kugusa hata neno, Git bado inaweza kuona mabadiliko.

Sasa, anayetaka maelezo, milinganyo na msimbo vikae pamoja, mimi humwelekeza kwenye Org mode, sehemu ya Emacs ya kuandikia madokezo kwa maandishi matupu. Aliyeianzisha, mwaka 2003, ni mwanaastronomia, Carsten Dominik, na inaonekana wazi kwamba alijua shida zetu. Unaandika dokezo lako. Chini yake unaweka #+begin_src python, msimbo, kisha #+end_src. Bonyeza Ctrl-c mara mbili: inakuuliza kama uendeshe kweli, unakubali, na matokeo yanatua papo hapo chini ya msimbo. (Python lazima uiwezeshe kwanza kwenye mipangilio, wengi hukwama hapo wakakata tamaa bure.)

Vim ni ya vidole. Kishale kikiwa ndani ya mabano, andika ci( na vyote vilivyomo vinafutika, uko tayari kuandika vingine. Ukishazoea, kipanya kinakuwa kero.

VS Code, ya mwaka 2015, ndiyo nyepesi kuanza nayo. Mwenye kazi ya kukabidhi wiki hii aichukue bila kuona haya.

Msichague kwa kutazama picha za skrini za watu. Chukua ukurasa mmoja wa kazi yako halisi, wenye mlinganyo, jedwali na msimbo kidogo, uuandike wote kwenye vihariri viwili.