Kompyuta Haijui Kilicho Mtungini

ZUWENA: Karibuni tena. Kaka Idi karudi kutoka Kigoma na malalamiko, eti kompyuta yake ya mbizi, ile inayomhesabia dakika za kukaa chini, ilimharakisha kutoka majini.

IDI: Mno, dada! Kina kilekile cha Mafia, naitroksi ileile ya 32, yaani hewa yenye oksijeni asilimia 32, lakini Tanganyika dakika zinakatwa. Nikadhani betri.

ZUWENA: Betri nzima. Ziwa liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni kama asilimia 91 ya ule wa pwani. Kwa wazamiaji, ukishapita mita 300 tu uko mlimani.

IDI: Kwa asilimia tisa?

ZUWENA: Angalia uwiano, usiangalie kina peke yake. Baharini unashuka mita 10 ndipo mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu. Kigoma, mita 9 na nusu hivi, umeshafika. Halafu unarudi kwenye hewa nyepesi, na naitrojeni iliyokuingia inapata nafasi ya kufanya mapovu. Daktari Bühlmann wa Zurich alilihangaikia hili kwa kuwa Waswisi wana maziwa ya milimani. Hesabu zake zimo kwenye kompyuta nyingi mpaka leo.

IDI: Kwa hiyo yangu ilijua iko Kigoma?

ZUWENA: Yako inajipimia yenyewe mgandamizo wa hewa. Nyingine unaziwekea mwinuko kwa mkono. Ila iamshe ukiwa bado kwenye boti, isije ikaanza kupima ukiwa majini. Na mtungi, uliupima oksijeni?

IDI: (Anacheka) Kulikuwa na kibandiko.

ZUWENA: Kibandiko! Mgandamizo kompyuta inausikia. Kilicho mtungini inakuamini wewe tu. Ukiiambia 32 kumbe ni hewa ya kawaida, kwenye mita 30 inaweza kukupa dakika 30 mahali pa 20.

IDI: Je, ikisoma 21, yaani hewa ya kawaida, na mtungi una 32?

ZUWENA: Watu husema hapo uko salama, maana inakutoa mapema. Kwa naitrojeni, sawa. Lakini haitalia ukipita mita 33, ndio mpaka wa 32 baharini kwa kikomo cha mgandamizo wa oksijeni cha 1.4, Kigoma unasogea chini kidogo. Oksijeni ikizidi ni degedege majini, tena bila hodi. Na kuna kompyuta zinazojirudisha 21 usiku.

IDI: (Kimya) Yangu ilisoma 21.

ZUWENA: Idi! Basi mwinuko ulikukata dakika, na 21 ikakukata tena. Ulishuka ngapi?

IDI: Ishirini na mbili. Nilikuwa namfuata samaki, kuhe.

ZUWENA: Shukuru kuhe hakwenda chini zaidi.

IDI: Lakini kabla ya kupanda ndege nilisubiri, dada. Saa 18 kamili, kama inavyotakiwa baada ya mbizi kadhaa.

ZUWENA: Ukazisubiria wapi?

IDI: Kasulu, kwa shangazi. Niliondoka jioni ileile kwa gari.

ZUWENA: Na hiyo barabara ya Kasulu, ilikuwa inateremka?