Saa Mbovu Zilizouzwa kwa Bei Chee

Asanteni, kaeni. Wengine humu ukumbini wameshanisikia nikisema kwamba redio haishindi kwa lugha bali kwa watu inaoamua kuzungumza nao, mpaka wanaweza kunimalizia sentensi. Nitalisema tena.

Habari ya KLAX mnaijua. Los Angeles, 97.9 FM, kituo cha redio cha Kihispania kilichobadili muziki wake Agosti 1992, na takwimu za usikilizaji za majira ya mapukutiko ya mwaka uleule zikakitangaza cha kwanza jijini, mbele ya vituo vyote vya Kiingereza. Kila anayeisimulia habari hii anasema Kihispania kilishinda. Jamani! Kituo kile kilikuwa kinatangaza kwa Kihispania hata kabla ya Agosti, kikiitwa KSKQ, kikipiga nyimbo laini za mapenzi, na jiji halikukibabaikia. Lugha ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni watu ambao kituo kiliamua kuzungumza nao.

Watu gani? Hapo lazima nirudi nyuma, na mwenyekiti anivumilie.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Burbank, pembeni mwa Los Angeles, palikuwa na kituo kiitwacho KELW. Wenye vituo siku zile walikuwa na saa za matangazo ambazo hakuna mfanyabiashara aliyezitaka. Nani atangaze makochi saa kumi alfajiri? Basi saa hizo wakawa wanawauzia wahamiaji kwa bei chee. Akazipata Pedro J. González, Mmeksiko aliyewahi kuwa mpiga telegrafu, yaani simu ya nyaya, katika jeshi la Pancho Villa, jemadari wa mapinduzi ya Mexico, kisha akaja kubeba mizigo bandarini. Kipindi chake kilianza saa kumi na kwisha saa kumi na mbili, na kiliitwa Los Madrugadores, yaani waraukaji. Yeye na wenzake walisimama mbele ya maikrofoni na magitaa wakaimba papo kwa papo.

Sasa fikirini ni nani aliyekuwa macho saa ile. Mchuma machungwa, mpishi wa hoteli, fundi mwashi anayesubiri lori la kumpeleka kazini. Yaani Wameksiko wa jiji zima wako jikoni, kahawa iko motoni, redio iko wazi. Tena usiku na alfajiri mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali kuliko mchana. Aliyedhani amemtupia González makapi alimpa saa nono kuliko zote.

Na González hakuimba tu. Ilikuwa miaka ya mdororo wa uchumi, na Wameksiko walikuwa wanarudishwa kwao kwa mamia ya maelfu, wakiwamo wengi waliozaliwa Marekani na wenye uraia wa Marekani. Akalisema hewani. Wakuu wa sheria wa jiji hawakupendezwa. Mwaka 1934 alishtakiwa kwa ubakaji na kuhukumiwa kifungo kinachoweza kufika miaka 50, akapelekwa gereza la San Quentin. Najua kuna atakayeniuliza: na kama alitenda? Msichana aliyemshtaki alikana baadaye ushahidi wake mwenyewe, na bado González akabaki ndani. Aliachiwa 1940, akafukuzwa nchini siku za kutoka kwake. Alivuka mpaka, akafika Tijuana, Mexico, na akarudi kwenye redio. Huyo ndiye mtangazaji.

Mnaniangalia kama nimepotea njia. Sijapotea. Rudini 1992. Wenye KLAX, kampuni ya Spanish Broadcasting System, walikuwa familia yenye asili ya Cuba. Wasikilizaji wa Los Angeles walikuwa wametoka majimbo ya Mexico ya Jalisco, Michoacán, Zacatecas, vijijini, na wanapenda muziki wa banda. Banda ya Sinaloa, jimbo jingine la Mexico, ni matarumbeta, klarineti, tuba na ngoma kubwa. Ukikaa karibu na yule wa tuba kifua chako kinatikisika. Enzi hizo vijana walikuwa wameshaigeuza: tuba ikatolewa, gitaa la besi na kinanda cha umeme vikaingia, mwendo ukaongezwa, na juu yake ikachezwa dansi ya quebradita, mwanamume kavaa kofia pana na buti, anamwinamisha mwenzake kinyumenyume mpaka nywele zikaribie sakafu. Wastaarabu wa mjini, wakiwamo wasema Kihispania, waliuita muziki wa washamba. KLAX ikaupiga kutwa kucha.

Takwimu zilipotoka, wakubwa wa vituo vya Kiingereza walisema haiwezekani, hesabu zina kasoro. Hesabu ni zilezile, bwana! Kampuni ya Arbitron iligawa vidaftari, watu wakaandika wamesikiliza nini na saa ngapi. Vidaftari hivyohivyo vilipowapa wao ushindi havikuwa na kasoro yoyote. Na asubuhi, watangazaji wa KLAX, Juan Carlos Hidalgo na mwenzake El Peladillo, wakampita hata Howard Stern, mtangazaji mashuhuri wa Kiingereza ambaye kipindi chake kilirushwa mjini humo kutoka New York.

Sisi tunaotangaza kwa Kiswahili tusijipongeze, basi, kwa kutangaza kwa Kiswahili. Tuulizane nyimbo za nani tumezitupa saa kumi alfajiri.

Naona ninaonyeshwa saa. Haraka haraka: 2006, bunge la Marekani lina muswada wa kumfanya mhamiaji asiye na karatasi kuwa mhalifu. El Cucuy wa KLAX na Piolín wa kituo cha KSCA, watangazaji mahasimu wanaogombea wasikilizaji walewale asubuhi ileile, wakakubaliana kuwaita watu barabarani. Waliwaambia vaeni nyeupe, bebeni bendera ya Marekani. Tarehe 25 Machi, huko Los Angeles, polisi wenyewe walikadiria watu nusu milioni. Magazeti ya Kiingereza yakashangaa umati ule umetoka wapi.

Nilitaka pia kueleza KCOR ya San Antonio, Texas, redio ya Kihispania ambayo Raoul Cortez aliifungua 1946 baada ya kuchoka kununua saa za vituo vya watu, na jinsi mlango ule ulivyoongoza hadi kwenye televisheni. Haitawezekana. Niulizeni wakati wa maswali, na tafadhali yeyote asianze swali lake kwa kusema Kihispania kimeshinda.