Jinsi ya Kugundua Sanaa Feki za Redd: Animal Crossing New Horizons

Haya jamani, karibuni tena kisiwani kwangu, ndani ya gemu ya Animal Crossing. Leo Redd, yule mbweha anayeuza sanaa halisi na feki, ametia nanga. Meli yake ile pale kwenye ufukwe wa nyuma, upande wa kaskazini, na mimi nikiiona tu nasahau uvuvi na kila kitu. Twendeni.

Kama kwako hajawahi kufika, mpelekee Blathers, bundi wa makumbusho, wadudu, samaki na visukuku mpaka vifike 60 vya aina tofauti. Hapo ndipo bundi wetu anaanza kuulizia sanaa, na siku chache baadaye unamkuta mbweha anazurura kisiwani. Atakutajia bells (pesa za gemu) 498,000 kwa picha moja. Kataa. Atashuka mpaka 4,980, na hiyo ya kwanza nunua bila wasiwasi, ni halisi. Hayo ni rahisi, tuingie ndani.

Vipande vinne. Siku moja unaruhusiwa kununua kimoja tu, kwa hiyo chunguza vyote kabla hujamwambia Redd neno lolote. Simama mbele ya picha, bonyeza A, chagua kuitazama kwa karibu, kisha ikuze. Usiamue ukiwa umesimama mbali, humu ndani ni giza.

Cha kwanza, Mona Lisa. Tazameni juu ya macho. Mnaziona nyusi? Nyusi nene, zimepanda juu kabisa. Yule wa Leonardo aliyeko makumbusho ya Louvre hana nyusi za kuonekana namna hiyo. Feki. Tunapita.

Cha pili, alizeti za Van Gogh. Hizi Redd hana toleo feki. Ukizikuta, pamoja na ule usiku wa nyota au lile wimbi kubwa la Hokusai, chukua tu. Mimi ninazo tayari kwenye makumbusho.

Cha tatu... ngojeni kidogo, taa ya chumbani inaakisi kwenye skrini, hamwoni kitu. Nazima. Sawa, sasa inaonekana.

Cha tatu, jiwe la Rosetta. Ni la buluu! Halisi ni la kijivu iliyokolea, karibu na nyeusi. Feki, na tumeligundua bila hata kulikuza. Jiwe hili nalipenda sana: maandishi yake ni ya mifumo mitatu, hieroglifu (maandishi ya picha ya Misri ya kale), demotiki (mwandiko wa kawaida wa Wamisri hao) na Kigiriki, na ndilo lililowasaidia wasomi kuzisoma hieroglifu. Lilipatikana Rashid, Misri, mwaka 1799, na tangu 1802 liko British Museum, ingawa Wamisri wamekuwa wakidai lirudishwe. Kwenye gemu hii Afrika ina vipande viwili tu, hili jiwe na kichwa cha malkia Nefertiti, vyote vya Misri. Natamani siku moja waweke kinyago cha Kimakonde, kile cha watu waliopandana toka chini mpaka juu. Blathers angekipenda sana. Na huyo Nefertiti ukikutana naye akiwa na herini, mwache.

Sasa cha nne, na hapa naomba msogee karibu. Las Meninas ya Velázquez, ya mwaka 1656. Kwenye gemu inaitwa Solemn Painting. Macho yatakimbilia kwa binti mfalme pale katikati, kwa mbwa, kwa mchoraji mwenyewe. Achaneni nao wote, hao hawabadiliki. Nendeni nyuma kabisa, mlangoni. Kuna mwanamume mdogo amesimama kwenye ngazi. Tazameni mkono wake. Kwenye halisi mkono umekunjwa, uko chini. Kwenye feki ameuinua juu. Basi, tofauti ni hiyo tu. Nakuza... sogeza kulia... hapana, nimepita, rudi... huyu hapa. Mkono uko chini. Halisi! Nasema tena: mlangoni, mkono. Usiridhike kwa sababu binti mfalme anaonekana sawa, kwenye feki pia anaonekana sawa. Mlangoni kwanza, pesa baadaye.

Nyingine haraka haraka, maana kesho utakutana nazo. Daudi wa Michelangelo hashiki kitabu. Mrusha kisahani wa Kigiriki havai saa ya mkononi. Mbwa mwitu wa Roma hatoi ulimi. Yule binti wa Vermeer avae lulu ya duara, akivaa nyota ni feki. Mwanamume wa Leonardo ndani ya duara, karatasi yake isiwe na doa la kahawa kwenye kona. Na wale miungu wawili wa Kijapani, ambao picha yao huja kwa nusu mbili: mweupe ni wa nusu ya kushoto, wa kijani ni wa kulia. Rangi zikibadilishana, usinunue.

Ikitokea umenunua feki, Blathers hataipokea na dukani hawainunui, lakini itundike nyumbani. Mimi yule binti mwenye herini ya nyota namtaka kabisa chumbani, kwa sababu usiku hufumba macho.

Sawa, tumalize. Naongea na Redd, ananiita binamu kama kawaida yake, nalipa 4,980. Haipewi mkononi, inakuja kwa posta kesho. Kabla ya kutoka hakikisha umechagua uliyoichunguza, maana zimekaa jirani. Ya mlangoni, mkono chini. Ndiyo hii. Nimelipa.