Fataki Mikononi mwa Kila Mtu: Ruhusa au Marufuku?

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka, na leo tunabishana kuhusu fataki. Hatuzungumzii yale maonyesho makubwa yanayosimamiwa na wataalamu. Tunazungumzia zile ambazo mtu ananunua, anaenda nazo nyumbani, anaziwasha mwenyewe kwa sababu tu ana furaha. Baraka, anza wewe, maana najua unawashwa.

BARAKA: Mimi nasema watu waruhusiwe, tena sisemi kwa kunong'ona. Kuna raha yake mtu kuwasha utambi kwa mkono wake, akarudi nyuma mbio, watoto wakapiga kelele. Kutazama onyesho ukiwa nyuma ya uzio ni kitu kingine kabisa, dada.

ZUHURA: Raha siikatai. Ninachouliza ni nani anayeilipia.

BARAKA: Anayewasha.

ZUHURA: Laiti! Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Kwenye fataki, mkono unaoumia unaweza kuwa wa jirani. Kule Uholanzi, ambako wananchi wamezoea kurusha fataki wenyewe usiku wa mwaka mpya, fungu kubwa la wanaofikishwa hospitali ni watu ambao hawakuwasha chochote. Walikuwa wanapita, au wamesimama wakitazama. Na jicho likishapigwa na roketi, hilo ndilo basi tena.

BARAKA: Lakini tuwe wakweli, zipo fataki na fataki. Sheria za Ulaya zimezigawa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni vitu vidogo, mtoto wa miaka 12 anaweza kuuziwa. La pili ni miaka 16, la tatu 18, na la nne ni la wataalamu peke yao. Na nchi moja moja inaweza kukaza zaidi ya hapo. Sasa unapiga marufuku lipi? Hata vile vijiti vya kumetameta cheche anavyoshika mtoto?

ZUHURA: Afadhali umevitaja, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyonitia hofu kuliko watu wanavyodhani. Kile kijiti ni waya uliopakwa mchanganyiko wa chuma na kemikali ya kutoa oksijeni. Kinawaka kwa joto la kama digrii 1,000 za Selsiasi. Maji yanachemka kwa 100. Halafu cheche zikiisha, mtoto anaona moto umezimika, anaushika waya kwa mkono wa pili. Waya bado ni wa moto vilevile! Au kinamdondokea juu ya kidole cha mguu, amevaa ndala. Sasa hiki ndicho tunachokiita cha watoto.

BARAKA: Ndoo ya maji pembeni, kijiti kikiisha kinatumbukizwa. Mambo yamekwisha.

ZUHURA: Wangapi wanaweka ndoo?

BARAKA: [anacheka] Haya, nimesikia.

ZUHURA: Na vile virusha-makombora, ile mirija inayosimamishwa chini. Chini ya kombora kuna baruti ya kulirusha, ndani yake kuna utambi wa kuchelewesha, halafu baruti ya kulipasua likishafika juu. Mrija ukiegemea kidogo tu, kombora linaenda kupasukia kwenye watu. Na likikataa kutoka, mtu anafanya nini? Anakwenda kuinama juu ya mdomo wa mrija kuchungulia. Huo utambi haujafa, unawaka polepole tu. Ukiwauliza wazima moto watakwambia hivyo hivyo: isiyolipuka usiirudie, iache muda mrefu, halafu uiloweshe maji.

BARAKA: Hapo huna mpinzani. Ila nikurudishe kwenye sheria. Usiku wa kuamkia mwaka 2025, wanaume watano walifariki Ujerumani kwa ajali za fataki. Ujerumani si nchi ya holela. Fataki za kawaida zinauzwa siku tatu tu za mwisho wa Desemba, kwa watu wazima, na zinarushwa tarehe 31 na tarehe 1 basi. Na miongoni mwa zilizowaua watu wale zilikuwemo za kujitengenezea nyumbani. Yaani kitu ambacho tayari ni haramu. Marufuku yako ingewasaidia nini?

ZUHURA: Swali zuri, na jibu langu ni hili. Usiku ule kila kona inapiga mlio. Polisi akisikia kishindo atajuaje kama ni cha dukani au ni bomu la mtu aliyelichanganya jikoni kwake? Kile halali kinakificha kile haramu. Marufuku ikiwa kamili, kishindo chenyewe ndicho ushahidi.

BARAKA: Mmh. Hilo sikulitazamia.

ZUHURA: Ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 2004 nazionea huruma. Siku za kawaida, mwisho wa kurusha ni saa 5 usiku. Tarehe 5 Novemba, usiku wao wa fataki wa kila mwaka, ni saa 6. Mwaka mpya, Diwali na mwaka mpya wa Kichina ni saa 7 usiku. Na mlio usizidi desibeli 120. Kwenye karatasi imepangika vizuri kabisa, lakini nani atasimama gizani na kipima sauti?

BARAKA: Basi na mimi nikupeleke Ireland. Kule raia wa kawaida haruhusiwi, isipokuwa vile vidogo kabisa. Lakini kila ikikaribia Halloween, fataki zinaingizwa kimagendo na watoto wanarushiana barabarani. Unaponunua kwa mlanguzi hakuna maandishi ya maelekezo, hakuna anayekuuliza umri, wala hujui ndani kumewekwa nini. Umeondoa duka, umeleta gunia.

ZUHURA: Gunia lenye fataki chache kuliko duka, lakini.

BARAKA: Chache zaidi, kali zaidi! Halafu Beijing nako. Walipiga marufuku mwaka 1993, wakalegeza 2005 kwa sababu watu hawakuacha, wakaja kukaza tena hadi mwaka 2022 marufuku ikafunika jiji zima. Karibu miaka 30 ya kuvutana na wananchi wao wenyewe. Nani kasema rahisi?

ZUHURA: Mimi sikusema rahisi. Na hebu tuliguse hili ambalo watu hulisahau: fataki kabla hazijawashwa zinakaa mahali. Enschede, Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000. Bohari la fataki lililokuwa katikati ya makazi ya watu lilishika moto na kulipuka. Watu 23 walifariki, wanne kati yao wazima moto, na karibu 950 walijeruhiwa. Mtaa mzima ulisambaratika.

BARAKA: Lakini hilo lilikuwa kosa la uhifadhi. Hata za wataalamu zinahifadhiwa mahali.

ZUHURA: Kweli. Ila mzigo wa wataalamu unaweza kuukalisha porini ukaulinda. Mzigo wa kuuzia umma lazima uusogeze walipo watu.

BARAKA: Sawa, na moto wa msituni? Najua unakuja huko.

ZUHURA: Oregon, Marekani, Septemba 2017. Kijana wa miaka 15 alirusha fataki bondeni wakati wa ukame. Karibu hekta 20,000 ziliungua, na hakimu akamwamuru alipe fidia ya zaidi ya dola milioni 36. Kijana wa miaka 15, Baraka! Hata akifanya kazi maisha yake yote.

BARAKA: Hapo mimi mwenyewe natia saini. Ukame ukiingia, marufuku, hakuna majadiliano. Lakini wanyama sijui kama...

ZUHURA: Wanyama usiwapite haraka. Watafiti Uholanzi walitumia rada ya hali ya hewa kuangalia usiku wa mwaka mpya. Muda mfupi baada ya saa 6, ndege kwa maelfu waliruka gizani, wengine hadi kimo cha mita 500. Hayo yalichapishwa mwaka 2011. Mbwa tunamwona anavyojificha uvunguni. Ndege hatuwaoni. Sijawataja watu waliotoka vitani, ambao kishindo cha ghafla kinawarudisha kule kule.

BARAKA: Basi shida yako ni mlio. Rangi hazina kosa. Strontiamu inatoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu, hakuna hata moja inayohitaji kishindo. Kwa nini tusiuze zile za mlio mdogo tu?

ZUHURA: Zipo, na kuna sehemu zinatumika. Hazikosi sauti kabisa, kwa sababu bado kuna baruti ya kurusha, lakini ule mpasuko wa kutetemesha madirisha unaondoka. Je, wapenzi wa fataki wangezinunua?

BARAKA: [kimya kidogo] Baadhi. Vijana, hapana. Kijana anataka kishindo.

ZUHURA: Ehee.

BARAKA: Lakini sikubali kwamba lazima kila kitu kiende kwa wataalamu. Maonyesho ya jiji ni ya wanaokaa jijini. Wa mbali waangalie simu?

ZUHURA: Mwaka 2025 Bunge la Uholanzi lilipitisha sheria ya kuzuia wananchi kurusha fataki, ila likaacha mlango: kikundi cha wakazi kinaweza kuomba kibali kwa meya. Yaani mtaa unakubaliana, mahali panajulikana, jina la msimamizi linajulikana.

BARAKA: Hilo naliweza. Kikundi na kibali. Lakini vijiti vya cheche mniachie.

ZUHURA: Vijiti mtu mzima ashike.

BARAKA: Sasa mtoto afanye nini, ashike ndoo?

ZUHURA: [anacheka] Tunasoma ujumbe wenu baada ya tangazo hili fupi.